Magomeni hadi Mburahati, kwa kupitia Berlin

Mlinzi aliishika simu yangu kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika dagaa, akabandika kikaratasi cha kijani juu ya jicho la kamera, akaigeuza, akabandika kingine mbele. Kisha akanirudishia.

"Humu hakupigwi picha, mama mdogo," binti wa dada yangu akaninong'oneza. "Ukikibandua wanakutoa nje."

Ilikuwa saa saba na robo usiku, mwezi wa Novemba, Berlin. Tulikuwa tumesimama kwenye foleni dakika 40 nje ya jengo ambalo mchana ningeapa ni ghala lililotelekezwa. Matofali meusi, madirisha yamezibwa kwa mabati, hakuna bango wala jina mlangoni. Kwetu ukumbi wa starehe usipowaka taa za rangi watu wanajua mwenyewe kafilisika. Baridi ilikuwa imekwishapita koti, imepita sweta, sasa inabishana na khanga niliyojifunga tumboni kwa ndani. Binti wa dada yangu alikuwa ameniomba nisiivae. Nikamwambia mtu wa Pwani hasafiri bila khanga, hata akienda kwenye theluji.

Nilikuwa nimekuja wiki tatu kumtembelea baada ya kumaliza masomo yake. Alishanizungusha makumbusho, nimeona vichwa vya mawe na majumba ya wafalme hadi miguu ikavimba. Siku hiyo jioni akaniambia, "Leo nakupeleka ukawaone watu wa nyumbani. Wanaitwa Sisso na Maiko."

"Wa nyumbani wapi?"

"Mburahati."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Mimi ni mtoto wa Magomeni Mapipa. Kutoka kwetu hadi Mburahati, ukiwa na haraka unapanda bodaboda, ukiwa huna unakatiza Kigogo kwa miguu na kufika kabla jasho halijakauka. Jina hilo nimelisoma kwenye daladala tangu sijui kusoma vizuri. Lakini kushuka kule, kukanyaga, kuketi kwa mtu nikanywa maji, sijawahi. Nina miaka 48. Na sasa nilikuwa nimesafiri karibu kilomita 7,000, nimelipa kiingilio cha euro ambacho sitaki dada yangu akijue, ili nikasikilize muziki ambao nyumbani nilikuwa nazibiwa masikio nisiusikie.

Aliyekuwa ananiziba ni marehemu mama yangu. Miaka ya mwanzo ya 1990, usiku wa Jumamosi, upepo ukitokea upande wa bondeni, mchiriku ulikuwa unaingia chumbani kwetu bila hodi. Ukiusikia huwezi kuukosea. Kilikuwa kinanda kidogo cha Casio, kile ambacho Wajapani walikitengeneza kwa ajili ya watoto kuchezea, kimeunganishwa kwenye vipaza sauti vya pembe, vile vya mikutano ya hadhara, kikalizwa hadi sauti ikapasuka kama bati linalokwaruzwa na msumari. Chini yake ngoma za Kizaramo, juu yake kijana analalamika maisha. Mama alikuwa anasimama na kufunga dirisha, joto lote lile la Desemba, anasema neno moja tu: "Wahuni." Tunalala tunatokota. Na kidole changu cha mguu, chini ya shuka, kilikuwa kinakwenda na ngoma; hicho mama hakuweza kukifungia dirisha.

Muziki ule wa bondeni ulikuwa na majina mengi, mchiriku, mnanda, na nyuma yake kulikuwa na mdundiko na segere, ngoma za wenyeji wa Dar es Salaam na vitongoji vyake kabla mji haujawameza. Wengi wetu tuliosoma tulizijua kama ngoma za kwenye shughuli za watu wengine. Kundi la Jagwa Music ndilo lililoupeleka mchiriku Ulaya. Mwaka 2012 lilitoa santuri kwa kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji. Nakumbuka kuisikia habari hiyo redioni nikiwa jikoni, na mama, mzee sasa, akauliza kwa mshangao wa kweli: "Wazungu nao hawana madirisha?"

Kisha vikaja vigodoro. Kigodoro ni sherehe ya kukesha mtaani, kabla ya harusi, au mwali anapotolewa ndani, au mtoto akitiwa jandoni. Jina hilo kila mtu analieleza kwa namna yake. Wapo wanaosema wageni walikuwa wengi hata yanatandikwa magodoro nje watu wakilala walipochezea. Wapo wanaosema godoro hilo lina kazi nyingine, halafu wanacheka na kugeuza mazungumzo. Kwenye vigodoro hakuna haja ya bendi. Anatosha kijana mmoja mwenye kompyuta na spika za kukodi. Na hapo, uswahilini kule Manzese, Tandale, Mburahati na jirani zake, katika miaka ya 2000, likafanyika jambo ambalo kila nikilifikiria naona limefanana na mapishi. Kijana anachukua wimbo wa taarab, ule wa akina mama uliokwishapendwa. Anakata kipande kifupi cha ala tupu, pale mwimbaji ameshanyamaza na vinanda vinajizungusha. Anakirudia kipande hicho, kinajirudia, kinajirudia. Halafu kwenye programu ya Virtual DJ anasukuma kile kishale cha mwendo kutoka kawaida kwenda juu, juu tena, mpaka taarab iliyokuwa inatembea kwa madaha inakimbia kama mwizi aliyepigiwa yowe. Mwenzake anashika kipaza sauti na kufoka juu yake. Hiyo ndiyo singeli.

Mapigo yake ni 200 kwa dakika, na hupanda hadi 300. Moyo wa mtu aliyetulia unapiga 70 au 80. Nimeweka hesabu hiyo hapa kwa ajili ya wale wanaodhani singeli ni bongo fleva iliyochangamka.

Mpaka mwaka 2016 singeli ilikuwa imeshaingia redioni. Msaga Sumu alikuwa anaitwa mfalme, Man Fongo alikuwa anaimbwa na watoto wa shule kwenye daladala. Lakini kule Mburahati kulikuwa na studio ya chumba kidogo, ya Sisso, ambayo haikuwa inawaza sana redio. Vijana wa pale walikuwa wanatengeneza hata mapigo bila mwimbaji na kuyaacha yasimame yenyewe. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikazikusanya kazi za pale na kuzitoa kwa jina la Sounds of Sisso, na kuanzia hapo wenyeji wa chumba kile wakaanza kuomba viza. Bamba Pana, Jay Mitta, Sisso mwenyewe na kazi yake ya Mateso mwaka 2019. Maiko ni mpiga kinanda. Mwaka 2024 wawili hao wakatoa albamu yao ya pamoja, Singeli Ya Maajabu. Yote haya nilielezwa na binti wa dada yangu kwenye foleni, meno yakimgongana. Yeye amekulia Mbezi Beach, ndani ya geti. Kigodoro hajawahi kukiona kwa macho. Singeli aliijulia Berlin, kwa rafiki yake kutoka Poland.

Ndani kulikuwa na giza la kweli. Tulipopita kaunta nikaona mtungi wa kioo umejaa vitu vidogo vya rangi ya chungwa, na watu wanajichotea bure. Nikachukua viwili nikijua ni peremende. Nashukuru Mungu kilichofika mdomoni kilikuwa kimoja tu kabla sijashikwa mkono. Ni vizibo vya masikio. Watu wanalipa waingie kusikiliza muziki, na mlangoni wanapewa vya kujizibia. Marehemu mama angewapenda Wajerumani.

Kwa saa nzima kabla ya wageni wetu palikuwa na tekno. Sisemi vibaya, ngoma ya watu ni ngoma ya watu. Bumu, bumu, bumu, bumu, mapigo 130 na ushei, hayakawii wala hayawahi. Ni mwendo wa mtu anayetembea haraka kwenda mahali asipopajua. Watu mia mbili au tatu hivi, wengi kwa nguo nyeusi, kila mmoja anatazama mbele na kucheza na nafsi yake. Hakuna aliyemshika mwenzake, hakuna duara. Nilitafuta pa kukaa, hakuna viti. Nikaegemea nguzo na koti langu mkononi, maana nilikataa kulilipia euro mbili za kulitundika, nikajiona nilivyo, mama mtu mzima aliyepotea njia ya kwenda msibani.

Saa tisa kasoro wakapanda. Hakuna aliyewatangaza. Vijana wawili wamevaa kama vijana wowote unaoweza kuwakuta wamekaa kwenye benchi la bodaboda, mmoja akainamia kompyuta mpakato, mwingine akasogeza kinanda karibu na tumbo. Tekno ilikuwa bado inamalizia kupumua. Halafu ikaja sauti ya kinanda, nyembamba, imepasuka pembeni, na mwili wangu uliitambua kabla yangu. Casio ya bondeni. Si ile yenyewe, najua, hii ilikuwa imepita kwenye kompyuta na kukatwa vipande vidogo kama kachumbari, lakini ule mlio wa bati na msumari ulikuwa uleule. Nikageuka kutazama kama kuna mtu anafunga dirisha.

Kisha ngoma ikaanguka.

Nieleze kilichotokea ukumbini, maana ndicho nilichokwenda nacho nyumbani. Kwa dakika mbili za kwanza watu walishindwa. Miguu yao ilijaribu kuifuata ngoma pigo kwa pigo, kama walivyozoea, na kwa mapigo zaidi ya 200 hilo haliwezekani; wakawa wanarukaruka, mikono juu, wengine wamesimama wanacheka kwa butwaa. Kijana mmoja mrefu mbele yangu alikuwa anatetemeka mwili mzima kama mtu aliyeshika waya. Mpiga kinanda alikuwa haangalii mtu. Vidole vyake vilikuwa vinachomoa vipande vifupi vya sauti, vitano, sita, anavirudia, anavigeuza, anavirusha kwa mwenzake. Mwenzake anavidaka kwenye kompyuta, anavikaba, anaviachia vikiwa vimeongezwa mwendo. Kisha wakabadilishana nafasi bila ngoma kusimama, kama watu wawili wanaopokezana mchi kwenye kinu kimoja. Hakukuwa na mtu wa kipaza sauti, hakukuwa na neno hata moja la Kiswahili, na bado ningeweza kukwambia ni lini walikuwa wanatania na ni lini walikuwa wanatukana.

Mimi nilianza na bega. Singeli haifukuzwi, ukiifukuza inakuacha. Unaiacha ipite, unachukua pigo moja katika manne, unaliweka kiunoni, mengine unayaachia yaende zake. Miguu haitoki mahali pake. Juu kimya, uso umenuna kidogo, kazi yote iko kati. Hakuna aliyenifundisha, labda kilikuwa kile kidole cha mguu, kimekua. Nikamkabidhi binti wa dada yangu koti langu, nikaingiza mkono ndani ya sweta, nikaitoa khanga, nikajifunga kiunoni.

"Mama mdogo!" alinong'ona kwa hofu, kisha akasahau hofu.

Msichana mmoja wa pale, kichwa kimenyolewa pembeni, alinitazama muda mrefu. Halafu akaacha kuruka. Akasimama kando yangu, akaanza kuhesabu kwa midomo, akalikosa, akalikosa tena, kisha akalipata lile pigo moja katika manne na nikaona kiuno chake kinashuka kama ndoo kisimani. Akapiga kelele. Wenzake wakageuka. Baada ya muda tulikuwa na kitu kilichokaribia duara, cha kwanza usiku ule.

Na ni hapo, katikati ya raha, nilipoanza kuhisi kwamba kuna kitu hakipo. Mwanzoni nilidhani ni maneno, kwa kuwa singeli ya nyumbani haikosi mtu wa kufoka. Sivyo. Nilidhani ni vumbi, ni harufu ya pilau. Sivyo. Nilikuwa natafuta mwenye shughuli.

Kigodoro kina mwenyewe. Kuna mama fulani anayeoza, na kila anayecheza anamchezea yeye. Jina lake linatajwa kwenye spika mpaka majirani waliokasirika wanalijua. Ukizidisha uno, unamheshimu. Ukisimama pembeni na mikono kifuani, kesho utaulizwa una nini naye. Muziki unakimbia kasi ile kwa sababu kuna kitu kinasherehekewa na usiku ni mfupi. Hapa ngoma ilikuwa ileile, pengine safi zaidi kuliko niliyowahi kuisikia kwa mbali, na watu walikuwa wanacheza kwa moyo. Lakini walikuwa wanaicheza wao wenyewe. Hakuna aliyekuwa anaolewa.

Mwili wangu ukafanya kile unachofanya kwenye shughuli. Nikachomoa noti ya euro tano kutoka kwenye sidiria, nikaishika kwa vidole viwili juu ya kichwa, nikaanza kusogea mbele nikicheza taratibu, kushoto, kulia, kama unavyokwenda kumtunza mwimbaji wa taarab. Watu wakanipisha bila kujua wananipisha kwa nini. Nilipokaribia jukwaa mlinzi akanyoosha mkono mbele yangu. Nikamwonyesha noti. Akatikisa kichwa na kunielekeza kaunta, akidhani nataka kinywaji.

Aliyekuwa kinandani aliniona. Mkono wake wa kulia haukuacha kupiga. Kwa wa kushoto akamgusa mlinzi begani. Nikaiweka ile noti juu ya kinanda, pembeni, pale isipoziba kitu, nikageuka na kurudi nyuma nikicheza vilevile, maana ukimaliza kutunza hukimbii. Alikuwa anacheka. Aliinama akamwambia mwenzake kitu sikioni, na yule wa kwenye kompyuta naye akainua uso kutazama watu gizani kwa mara ya kwanza, na mwendo, naapa, ukapanda.

Kulitokea jambo moja la kuchekesha baadaye. Kijana mrefu wa kutetemeka aliniona, akafikiri, akaenda naye kuweka noti yake. Mlinzi akakata tamaa.

Tulitoka kukiwa bado giza, japo kwa saa ilikuwa asubuhi. Mwishoni mwa juma treni za chini ya ardhi Berlin hazilali, kwa hiyo tulirudi Wedding, mtaa anakokaa mwenyeji wangu, na watu waliokuwa wananuka moshi kama sisi. Kwenye treni binti wa dada yangu akanieleza habari mbili zilizonikalia kooni. Ya kwanza ni kwamba mwaka 2016 mahakama ya kodi ya Berlin-Brandenburg ilikubali kwamba kuingia klabu ya Berghain kucheza tekno ni sawa na kuingia tamasha la muziki, kwa hiyo kiingilio kikatozwa kodi ya asilimia 7 ya mambo ya utamaduni badala ya asilimia 19 ya starehe za kawaida. Ya pili, Machi 2024 tekno ya Berlin iliingizwa kwenye orodha ya Ujerumani ya urithi wa utamaduni usioshikika. Nikamwambia kwetu vigodoro vimepigwa marufuku mara ngapi sijui, na kila mara viongozi wanataja mmomonyoko wa maadili. Sikusema kwamba marufuku yote ni upuuzi. Nimewahi kuwa na mtoto mchanga na spika nje ya dirisha saa kumi usiku, najua. Lakini nilifikiria ni nani aliyekwenda kuhesabu asilimia za utamaduni kwenye vumbi la Mburahati.

Anapokaa binti wa dada yangu ni jirani na mtaa wanaouita wa Kiafrika. Nisingeamini kama nisingeyaona mabango mwenyewe: Sansibarstraße, Usambarastraße, Tangastraße. Ni majina ya enzi Wajerumani walipokuwa wanatutawala, au yaliyowekwa baadaye kuikumbuka enzi hiyo. Barabara moja pale kwa miaka mingi ilikuwa ikiitwa Petersallee, awali kwa Carl Peters, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Agosti 2024 waliibadilisha. Sehemu moja sasa ni Anna-Mungunda-Allee, kwa mwanamke wa Namibia, na nyingine ni Maji-Maji-Allee. Nilisimama chini ya bango hilo asubuhi ile nikiwa sijalala, khanga bado iko kiunoni juu ya suruali, masikio yanalia njiii. Nikabandua kikaratasi cha mbele kwenye simu nijipige picha. Cha nyuma nilikiacha. Mzee aliyekuwa anatembeza mbwa akanitazama, kisha akatazama bango, akavua kofia. Huenda alikuwa anajikuna.

Nilirudi Dar mwanzoni mwa Desemba.

Kuna mama ambaye kwa miaka tisa ananiuzia vitumbua asubuhi pale Mapipa. Anakuja na ndoo yake kutoka Mburahati, upande wa Barafu, kabla jua halijatoka. Mara tatu amenialika kwenye shughuli zake. Mara tatu nimetuma bahasha. Safari hii alikuwa anamwoza mwanawe wa mwisho. Aliponitajia alikuwa anafunga vitumbua kwenye gazeti, haniangalii, kwa sauti ya mtu anayejua jibu.

"Sare ni nini?" nikamuuliza.

Akainua kichwa. "Kijora. Zambarau."

Nilikwenda kwa bodaboda. Kijana alinitoza shilingi elfu mbili, na nilikuwa bado natafuta pa kushika vizuri aliposema tumefika. Mtaa mzima ulikuwa umefungwa kwa turubai, viti vya plastiki pande zote mbili, masufuria yamekaa juu ya mafiga nje ya uzio, akina mama wa zambarau wamejaa kama biringanya gengeni. Spika zilikuwa nne, mbili juu ya mbili. DJ ni mvulana ambaye sidhani kama alikuwa amefika 20, kompyuta yake imeng'oka vibonyezo viwili, anabonyeza mashimo kwa kucha. Nikamuuliza anamjua Sisso. Akanitazama kama nimemuuliza kama anaijua njia ya kwao. "Si yupo hapo tu," akasema, akaonyesha kwa kidevu upande ambao sikuona kitu isipokuwa mabati. Kisha akanong'oneza kwamba singeli ya kompyuta tupu hawezi kuipiga hapa, akina mama watamfukuza. Wanataka MC, wanataka kutajwa.

Na walitajwa. MC alikuwa na daftari. Kila baada ya dakika chache alilitaja jina la mama wa vitumbua, na jina la bwana harusi, na la shangazi aliyetoka Mkuranga na kuku watano. Alinitaja na mimi, "mgeni rasmi kutoka Ulaya," jambo ambalo si kweli na ambalo sikulisahihisha. Mama wa vitumbua alikuwa katikati. Mwanamke ambaye miaka tisa nimemwona ameinama juu ya ndoo, sasa alikuwa amenyooka, noti zimebanwa kwenye kilemba kwa pini, uso umenuna, kiuno chake kinachukua pigo moja katika manane. Moja katika manane! Mimi nilikuwa nimewafundisha Wajerumani moja katika manne nikajiona bingwa. Nikatoa elfu kumi, nikaishika juu kwa vidole viwili, nikaingia duarani.

Sikuwa nimefika kwake giza lilipoingia. Spika zikakata, taa za turubai zikazima, na mtaa mzima ukapiga kelele moja: "LUKU!"

Spika zote zilikuwa zinavuta umeme wa nyumba moja, na uniti zilikuwa zimeisha. Mvulana wa kompyuta alikuwa ameishika kwa mikono miwili kama anayemkinga mtoto na mvua. Mtu akauliza nani ana salio. Nikasema mimi. Namba ya mita ilikuwa imeandikwa kwa chaki ukutani karibu na mlango. Mtoto akanimulikia, nikaiingiza, nikatuma elfu kumi, sawa na zile ambazo zilikuwa hazijapata mtu wa kumtunza, na nyingine juu yake. Tukasubiri gizani. Mama wa vitumbua alikuwa amesimama palepale katikati, hajatoka mahali pake, na nilipozoea giza nikaona kiuno chake bado kinahesabu.

Ujumbe ukaingia. Tarakimu 20. Kijana akapanda juu ya kiti ukumbini kwa watu, kidole kwenye mita, nikawa namsomea nne nne, na watoto wananirudishia kwa sauti kama darasani.

"Rudia za mwisho," akasema.

Nikarudia. Mita ikalia mlio mmoja, spika ikakohoa.